Maji Yasiyofika Baharini

Katika Milima ya Rocky, huko Amerika ya Kaskazini, uko mgongo wa nchi ambao matone mawili ya mvua yakiuangukia kwa pamoja yaweza kuagana milele. Moja huteremkia magharibi, likaishia Bahari ya Pasifiki. La pili hushika njia ya mashariki, likaitafuta Atlantiki. Kuufuata mgongo huo, kwa barabara za vumbi na vijia vya changarawe, imepita njia ya baiskeli iitwayo Great Divide, iliyochorwa katika miaka ya 1990 na chama cha Adventure Cycling Association, chenye makao yake mjini Missoula, jimbo la Montana.

Tangu mwaka 2008, katika mwezi wa Juni, wapandaji hukusanyika Banff, mji mdogo wa milimani nchini Kanada, wakaanza safari ya kwenda Antelope Wells, penye mpaka wa Marekani na Mexico. Mwendo wenyewe ni kama kilomita 4,400. Miinuko yake, ikijumlishwa, hupita mita 45,000. Ni kama mtu aliyeupanda mlima Kilimanjaro, kutoka usawa wa bahari hadi kileleni, zaidi ya mara saba. Mashindano hayo, yaitwayo Tour Divide, hayana ada wala tuzo. Hakuna gari linalomfuata mpandaji kwa maji na chakula. Kila mtu hubeba chake, hununua dukani kama mpita njia yeyote, na hulala pale usiku unapomkutia.

Asiyeijua kazi hiyo hudhani kwamba kujiandaa nayo ni kuichosha miguu mpaka igeuke chuma. Lakini mwili haujifunzi wote kwa wakati mmoja. Damu ndiyo ya kwanza kuitikia: baada ya siku chache tu za mazoezi, maji yake huongezeka, na moyo hupata wepesi wa kuisukuma. Misuli hufuata kwa majuma. Kano na mifupa huja nyuma kabisa, kwa miezi, kama wazee waliotangulizwa na vijana njiani. Hapo ndipo wengi huumia. Moyo umekwisha kusema twende, na goti halijajibu. Kwa hiyo mwenye busara huongeza masafa kidogo kidogo, na baada ya majuma kadhaa ya kazi huupa mwili juma la nafuu. Mazoezi hubomoa, kinachojenga ni chakula na usingizi. Ajinyimaye mapumziko kwa kuogopa kuitwa mvivu huvuna uchovu tu, wala nguvu haipati.

Yako pia mambo madogo ambayo hayamo katika hesabu ya kilomita. Mpandaji huipakia baiskeli yake mzigo kamili, hema, nguo za baridi, vyombo vya kutengenezea na chupa za maji, kisha huenda mwendo mrefu siku mbili mfululizo, kwa kuwa siku ya pili ndiyo isemayo kweli. Hujifunza kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu. Hujifunza kuziba pancha gizani, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi na kwa kuuegemea usukani mchana kutwa. Hujifunza kuutunza mchubuko mdogo wa kitini, maana safari nyingi ndefu hazikukatizwa na dubu wala theluji, bali na kidonda kisichozidi upana wa shilingi.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo hakuna mazoezi yanayolimaliza. Mwaka 2015 Lael Wilcox, mzaliwa wa Anchorage katika jimbo la Alaska, hakwenda Banff kwa ndege. Alitoka kwao juu ya baiskeli, akaenda kilomita zipatazo 3,400 ili tu afike mahali pa kuanzia. Mtu aliyejiandaa kwa kiasi hicho angedhaniwa hana tena pa kujaribiwa. Miguu yake haikuwa na shaka. Kilichomwangusha kilikuwa pumzi. Mashindano yalipokwisha kuanza, kifua kilimbana, akawa anahema kwa taabu, hata ikambidi aende hospitali kutibiwa.

Hapo paliulizwa swali ambalo kila ajiandaaye na safari ndefu sharti alibebe pamoja na mzigo wake: uvumilivu huishia wapi, na ukaidi huanzia wapi? Yeye alitibiwa kwanza, ndipo akaendelea. Alimaliza kwa siku 17, saa 1 na dakika 51, akaipita kwa zaidi ya siku mbili rekodi ya wanawake iliyokuwapo. Na katika majira yaleyale ya joto, kifua kilipopata nafuu, alirudi Banff, akaianza njia upya, safari hii peke yake, bila wa kushindana naye. Alitumia siku 15, saa 10 na dakika 59.

Watu huzisifu saa hizo, na zinastahili sifa. Lakini lililo kubwa zaidi ni kule kukubali kwamba mwili umesema neno, na neno hilo likasikilizwa. Mtu hujizoeza kwa anayoyajua, na safari humtahini kwa asiyoyajua. Basi faida kubwa ya mazoezi ni sikio la kuitambua sauti ya udhaifu mapema, ingali ya chini. Mwenye miguu ya chuma asiye na sikio hilo huenda mbali, lakini harudi salama.

Katika jimbo la Wyoming, mgongo ule wa nchi hujigawa matawi mawili, yakalizunguka bonde pana la ukame. Njia ya baiskeli hukatiza humo, penye upepo mkali na visima haba. Mvua inyeshayo bondeni humo haiendi Pasifiki wala Atlantiki. Hunywewa na mchanga, au hurudi angani kwa jua. Kwa mtu wa kisiwani, ambaye kila mfereji aujuao huishia pwani, hayo ni maji ya kusikitikia.

Lakini vichaka vya bonde lile huishi kwa maji hayohayo, na farasi wa mwituni huyanywa. Asubuhi nyingi za mwenye kujizoeza ndivyo zilivyo. Haziandikwi popote, hazina wa kuzishuhudia, na wengi waliozitumia hivyo hawakuuona mpaka wa Mexico. Hazikufika baharini, na hata hivyo hazikupotea.