Zaburi Nzito

Mimi ni mpiga gitaa wa kwaya katika usharika wetu hapa Nguvumali, Tanga. Jumapili napiga nyimbo za kitabu na mapambio. Siku nyingine, nikitoka kazini, nasikiliza roki nzito, ile inayoitwa hevi metali: magitaa yanayokwaruza, ngoma zinazokwenda mbio, na mwimbaji ambaye mara nyingine haimbi bali ananguruma. Wengi mnaonifahamu mmeniuliza, wengine kwa mzaha na wengine kwa uchungu, kama Mkristo anaweza kuupenda muziki wa namna ile. Nawajibu hapa, maana swali hili si langu peke yangu. Watoto wenu wanao muziki huu kwenye simu zao.

Tanga ni mji wa magitaa. Miaka ya 1960 Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilivuma hapa. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na kisha Mombasa, walikojulikana kama Simba Wanyika. Baba yangu alizipenda santuri zao, nami nilijifunza kwa kuzifuatisha. Baba huyo huyo alinisimulia kwamba ujana wake wazee wa kanisa walilihesabu gitaa kuwa chombo cha ukumbi wa dansi, lisivuke mlango wa ibada. Leo kwaya isiyo na gitaa tunaionea huruma. Chombo ni kile kile. Kilichobadilika ni mikono iliyokishika na kusudi lake.

Kilichonivuta kwenye roki nzito kwanza ni ufundi. Mwaka 1965, katika mji wa Birmingham, Uingereza, kijana Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto kupiga, kwa hiyo vidole vilivyoumia ni vile vya kubania nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegezwa zilitoa sauti ya chini, nzito. Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa albamu ya kwanza mwaka 1970, na wengi huhesabu hapo kuwa mwanzo wa hevi metali. Kila nikisikia uzito ule nakumbuka kwamba sehemu yake imetoka kwenye mkono ulioumia.

Lakini ufundi peke yake usingenishika hivi. Mama yangu aliugua muda mrefu, akafariki. Baada ya matanga nilirudi kwenye kwaya. Jumapili ile tulikuwa na nyimbo nne, zote za shangwe. Nilipiga kila noti mahali pake, kwa kuwa ndiyo huduma yangu, ila sikupata wimbo hata mmoja wa kuuimba kwa moyo. Usiku nikavaa hedifoni. Muziki ule mzito haukunifariji. Ulikaa nami tu, kama jirani anayekuja msibani, akavua viatu, akaketi mkekani bila kusema neno. Rafiki za Ayubu nao walikaa hivyo siku saba, na hilo ndilo jema walilomfanyia. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa.

Siku zile ndipo nilipoisoma Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki. Mwombaji analia mchana na usiku, anamuuliza Mungu kwa nini amemficha uso wake, na anaishia gizani. Tena juu yake imeandikwa kwamba ni wimbo wa wana wa Kora, kwa mwimbishaji. Maana yake giza lile lilipewa kwaya, likaimbwa na watu wa Mungu. Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Kumbe kilio changu kilikuwa na nafasi katika kitabu kitakatifu kabla sijazaliwa.

Nilimweleza mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu kama baba. Hakunikemea. Aliniuliza, “Mwanangu, ukishalia kwenye muziki wako huo, nani anakupokea?”

Swali lile limekuwa mizani yangu. Zaburi ya 88, pamoja na giza lake lote, tangu mstari wa kwanza inamwita Mungu. Inalia mbele za mtu. Nyimbo nyingi za roki nzito zinalia hewani. Nyingine zinasifu uovu waziwazi; hizo naziacha, hata gitaa lake liwe tamu namna gani. Na zipo zinazojua zinakoelekea: wanamuziki wa Stryper wa Marekani walilifungamanisha jina la bendi yao na Isaya 53:5, mahali panaposema juu ya kupigwa kwa mtumishi wa Bwana na kuponywa kwetu. Sauti nzito haimwokoi mtu wala haimpotezi. Huchimba shimo, lazima tuulize ndani yake kuna maji au hakuna.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukimkuta mwanao na nyimbo hizi, usianze kwa kumnyang’anya simu. Keti naye, sikiliza hata kama masikio yanauma, kisha umwombe akutafsirie maneno. Muulize kwa upole ni nini kinamliza. Huenda amebeba jambo ambalo hajaona nyumbani wala kanisani mahali pa kulitua.

Nanyi wanakwaya wenzangu, tuzitazame orodha zetu za nyimbo. Kila Jumapili katika viti vile yupo aliyezika wiki hii, aliyefukuzwa kazi, aliyetoka hospitali na majibu mabaya. Akikuta shangwe tupu atadhani Mungu anapokea wenye furaha tu. Wimbo mmoja wa kilio, ulioelekezwa kwa Bwana, unatosha kumwambia kwamba amefika kwao. Yesu mwenyewe msalabani aliomba kwa maneno ya zaburi ya kilio, ile ya 22. Tusione aibu kuimba alivyoomba Yeye.