Katoyi, Mtaa Juu ya Mawe: Shauri kwa Mgeni na kwa Mhamiaji

Mji wa Goma umekaa kati ya wakubwa wawili. Upande wa kusini liko ziwa Kivu, ambalo uso wake ni mita 1,460 juu ya bahari. Upande wa kaskazini unasimama mlima wa moto Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470. Kati ya maji na moto ni mwendo wa kilometa ishirini hivi. Hapo katikati umejengwa mji, na ndani ya mji umo mtaa wa Katoyi, katika komuni ya Karisimbi, iliyopewa jina la mlima mrefu kuliko yote ya safu ya Virunga.

Katoyi si mtaa wa hoteli. Ni mtaa wa jamaa: nyumba za mbao zilizobanana, vichochoro vya mawe meusi, vibanda vya kuuzia sukari na makaa, watoto wengi, na kishindo cha chukudu, yaani gari la mti la magurudumu mawili, likiteremka na mzigo wake. Hata hivyo wageni hawakosi. Huyu ana dada aliyeolewa huko, yule ana mwana anayesoma mjini. Wengine huja kupumzika majuma mawili, wengine hufunga vyombo vyao vyote na kuhamia. Kwa wote hao tunaandika maneno haya. Na kama msomaji hatashika yote, ashike moja: kabla ya kuuliza bei, muulize jirani.

Kabla ya kufunga safari

Mambo ya Goma hubadilika upesi. Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka mji. Uwanja wa ndege ukafungwa, na benki zikafunga milango. Basi msafiri asitegemee habari za mwaka jana, wala za mwezi jana. Ampigie simu ndugu yake aliye Katoyi, aulize mambo manne: mpaka wa Gisenyi hufunguliwa na kufungwa saa ngapi, barabara ya Sake hupitika au la, meli za Bukavu zinasafiri au la, na fedha hupatikana kwa njia gani. Kisha aulize tena siku ile ile ya kuondoka.

Achukue hati zake zote, na za watoto pia, maana mtoto asiye na karatasi humchelewesha baba yake mpakani. Huko watu hutumia faranga za Kongo pamoja na dola za Marekani. Lakini noti ya dola iliyochanika, hata kidogo tu, hukataliwa sokoni. Achukue pia viatu vyenye soli nene, kwa sababu mawe ya volkano hukata kama kisu, na blanketi, kwa sababu usiku una baridi. Afaye kuja kwa mapumziko na aje kati ya Juni na Agosti, wakati mvua zimepungua.

Salamu na meza

Watu wa Goma husalimiana kwa kusema "Jambo", na jibu lake ni "Jambo sana". Mgeni wa pwani, aliyezoea kupokea shikamoo, asidhani amedharauliwa. Heshima ipo, ila imevaa nguo nyingine. Mtu mzima huitwa Papa au Mama, na anayepewa kitu husema "Aksanti".

Mezani utakuta ugali, sombe, maharage, viazi, pengine na jibini ya Masisi. Utakuta pia sambaza, samaki wadogo walioletwa ziwani kutoka Tanganyika mwaka 1959, ambao leo hulisha maelfu ya watu. Kula kwa furaha, lakini kumbuka kwamba katika nyumba nyingi za Katoyi maji hununuliwa kwa bidoni, na makaa kwa gunia au kwa kopo. Mgeni anayeoga bidoni nzima asubuhi na nyingine jioni hula chakula cha watoto bila kujua. Yafaa ampe mama wa nyumba fedha kidogo za maji na makaa, faraghani, pasipo maneno mengi. Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katoyi haina shamba. Basi jembe la huko ni bidoni. Siku ya tatu jitwike, uende bombani pamoja na vijana wa nyumba.

Maji, hewa na ziwa

Mgeni hushangaa: mvua ni nyingi, na ziwa liko karibu, iweje maji yawe shida? Sababu ni ardhi yenyewe. Goma yote imelala juu ya moto uliopoa ukawa mwamba wenye nyufa. Mvua hupenya ikapotea chini, wala hakuna mto upitao mjini. Maji ya mabomba huvutwa kwa mashine kutoka ziwani, na mabomba hayafiki kila nyumba. Kwa hiyo maji hupita katika mikono mingi kabla ya kufika mtungini. Yachemshe, hata yakiwa meupe kama kioo. Mwezi Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma, kipindupindu kiliua maelfu kwa majuma machache, na ugonjwa huo haujasahau njia.

Jambo la pili ni hewa. Upande wa magharibi wa mji, kando ya ziwa na kuelekea Mugunga na Sake, yako mabonde madogo yanayotoa hewa nzito ya kaboni. Wenyeji huiita mazuku. Haina rangi wala harufu. Hutulia chini kama uji katika bakuli, hasa usiku na alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mbuzi akiingia huanguka. Mtoto akimfuata mbuzi huanguka naye. Na mara nyingi mtu mzima anayeshuka kumwokoa huwa wa tatu. Ukiona ndege au wadudu wamekufa shimoni, rudi nyuma. Usilaze mtoto chini mahali usipopajua, wala usijenge pasipo kuuliza wenyeji. Na ndani ya nyumba, jiko la makaa lisilale nawe chumba kimoja, milango ikiwa imefungwa. Moshi wake usioonekana huua vilevile.

Ziwa ni zuri kulitazama, lakini lina kina cha mita 485, na chini kabisa zimehifadhiwa hewa nyingi za kaboni na methani. Oga pale tu waogapo wenyeji. Ukisafiri kwa mashua, usipande iliyojaa kupita kiasi, hata kama wenzako wote wamepanda. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, pwani ya Goma yenyewe, huku waliongoja abiria wakitazama. Nauli iliyopotea hutafutwa tena, roho haitafutwi.

Nyumba ya kupanga

Anayetaka kukaa hukutana kwanza na komisioneri, mtu wa kutafutia wengine nyumba kwa malipo. Msikilize, lakini macho yawe yako. Utaombwa garanti, yaani fedha za amana. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 yasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Wenye nyumba wengi huomba zaidi. Ijue sheria hiyo, uitaje kwa upole, na kila ulipacho kiandikwe na kutiwa sahihi mbele ya shahidi.

Nenda ukaione nyumba wakati wa mvua, si wakati wa jua. Tazama maji ya jirani yanaelekea wapi. Uliza choo, maana kuchimba shimo katika mwamba ni kazi ya nyundo na ya siku nyingi, na vyoo vingi ni vifupi, hujaa upesi. Nyumba ya mbao huvumilia tetemeko kuliko matofali yasiyofungwa kwa chuma, lakini moto wa mshumaa mmoja huweza kula nyumba kumi. Kwa hiyo upime kichochoro: je, watu wawili wanaweza kupita hapo usiku, wamembeba mgonjwa? Kama hawawezi, kodi ndogo hiyo si ndogo.

Kiwanja na hati

Hapa ndipo jamaa nyingi hupoteza akiba ya maisha. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Mtu hununua haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha uandikishaji kitolewacho na mwandikishaji wa hati za ardhi. Karatasi ya mkuu wa mtaa yafaa kuonyesha kwamba unajulikana, lakini haiwi hati. Barua ya mauzo iliyotiwa sahihi na mashahidi wawili haiwi hati. Kiwanja kimoja huweza kuuzwa mara tatu kwa karatasi za namna hiyo, na kila mnunuzi akaja na mawe yake ya kujengea.

Tena, chunguza nani anauza. Pengine ni ndugu wa marehemu, na mjane na yatima wamo bado ndani ya nyumba. Mkristo asinunue kilio cha mjane, hata kikiuzwa kwa bei nafuu. Na katika mji uliobadili mikono kwa vita, mwenye akiba ndogo asikimbilie kununua; apange kwanza mwaka mzima, ayajue majira na watu.

Huko Ufaransa, mtu anunuapo nyumba shambani, sheria humlazimisha muuzaji kumpa karatasi inayotaja hatari za mahali pale: mafuriko, matetemeko na mengineyo. Mnunuzi huisoma kabla ya kutia sahihi. Katoyi karatasi hiyo ni kinywa cha jirani. Keti na mama auzaye makaa mbele ya kiwanja, au mzee aliyejenga hapo zamani. Umwulize maji hupita wapi, ugomvi gani uliwahi kutokea, nani alikaa hapa kabla, na kwa nini aliondoka. Asiyeuza kitu hana sababu ya kuficha.

Siku ya moto

Nyiragongo ulipasuka tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 mto wa moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukala kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na sehemu ya uwanja wa ndege, ukaacha watu kama 120,000 bila makao. Mwaka 2021 moto ulisimama karibu na mji, lakini watu zaidi ya 30 walikufa. Na siku chache baadaye, ardhi ikiendelea kutetemeka, mitaa kumi ya Goma iliamriwa kuhama.

Kuna wataalamu wanaoupima mlima, nao hutangaza hali kwa rangi: kijani, njano, rangi ya chungwa, nyekundu. Jua rangi ya siku. Lakini mwaka 2021 moto ulitoka bila tangazo. Kwa hiyo kila nyumba iwe na shauri lake. Mwaka 2002 moto uliukata mji vipande viwili: wa mashariki wakakimbilia Gisenyi, wa magharibi wakakimbilia Sake, na mume na mke wakajikuta pande mbili. Basi patana na watu wa nyumbani mwako mahali pawili pa kukutana, pamoja kila upande. Hati ziwe katika mfuko mmoja karibu na mlango.

Zaidi ya yote, mfundishe mtoto jina lake kamili, majina ya wazazi, jina la mtaa na namba moja ya simu. Mwaka 2021 watoto zaidi ya 150 walitengana na wazazi wao katika usiku ule wa kukimbia. Mtoto aliyejua kusema "mimi ni mwana wa fulani, wa Katoyi" ni rahisi kurudishwa. Aliyejua kusema "Mama" tu, ni vigumu, kwa kuwa mji mzima una akina mama.

Jirani

Kwa hiyo mhamiaji, juma lile la kwanza, afanye ziara tatu. Kwanza aende kwa mkuu wa mtaa ajiandikishe. Pili aende parokiani, aulize jumuiya ndogo ya Wakristo hukutana wapi na siku gani; huko atapata majina ya watu kumi kabla hajapata kiti cha pili cha nyumba yake. Tatu apige hodi kwa nyumba nne zinazomzunguka, hata kama wenyewe husali kwingine au husema lugha nyingine nyumbani. Siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, atoke na jembe mapema.

Haya si adabu tu. Usiku ule mlima ukinguruma, au moto wa jiko ukipanda ukutani, atakayebisha mlango wako si komisioneri wala mwandikishaji wa hati. Ni jirani, naye atabisha kwanza pale anapojua kuna watoto wangapi, na mzee gani asiyeweza kutembea. Ajulikane basi mapema, na ajue. Mungu awalinde watu wa Katoyi, na awape wageni wao masikio ya kusikia.