Kumuaga Malkia wa Waingereza

Sisi watu wa Nyeri tuna sababu yetu ya kumkumbuka Malkia Elizabeth wa Pili. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alilala Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, akitazama wanyama. Usiku huo huo baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki Uingereza. Habari alipewa akiwa Sagana. Basi umalkia wake ulianzia kwetu.

Alipofariki yeye mwenyewe huko Balmoral, Scotland, tarehe 8 Septemba 2022, mwenye umri wa miaka 96, mimi nilikuwa London kumtembelea dada yangu ambaye ni muuguzi. Alhamisi jioni, tarehe 15, tukaenda kujipanga.

Mstari ulifuata ukingo wa mto Thames. Kila mtu alifungwa mkononi kikuku chenye rangi na namba, ili aweze kwenda msalani na kurudi mahali pake bila ugomvi. (Laiti tungekuwa na vikuku hivyo siku ya kuandikisha watoto wa ubatizo!) Waingereza husemwa kuwa ni watu baridi, lakini usiku ule mzee mmoja alitugawia chai yake ya chupa, na mama wa mbele yetu, kabla ya usiku wa manane, alikwisha kutusimulia habari za magoti yake na za wanawe wote watatu.

Mzee huyo akaniuliza nimetoka wapi. Nikamjibu, Kenya. Akasema, “Basi alikuwa malkia wenu pia.”

Sikumjibu upesi. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali iliyotawala kwa jina la Malkia ilianza kuwahamisha Wakikuyu zaidi ya milioni 1 na kuwatia katika vijiji vyenye handaki na seng'enge. Nyanya yangu, akiwa msichana, alilichimba handaki lile kwa mikono yake. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilisema kwamba inasikitika, ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Nyanya hakuwamo katika hesabu hiyo. Na Malkia alipokufa, serikali yetu ilitangaza siku 4 za maombolezo, huku watu wengine nyumbani wakiuliza tunamlilia nani.

Mimi naona hivi: kumwombea marehemu si kufuta deni. Kwetu, hata mtu mnayeshtakiana kwa mpaka wa shamba, akifa unakwenda kutia udongo kaburini, na kesi inabaki mahakamani pale pale.

Tulifika mlangoni alfajiri, miguu imekufa ganzi. Westminster Hall ni jengo la zaidi ya miaka 900. Ndimo Mtakatifu Thomas More alimohukumiwa kufa mwaka 1535. Ndani palikuwa kimya kabisa, zulia limemeza vishindo vya viatu. Jeneza lilikuwa juu ya jukwaa, limefunikwa bendera, na taji juu yake likimetameta. Askari walilizunguka wakiwa wameinamisha vichwa. Hakuna aliyepiga kelele ya kilio. Nilifanya ishara ya msalaba, nikamwombea yeye, kisha nikawaombea wale wa kwetu waliozikwa bila jeneza. Mara tukawa nje.

Mazishi yalikuwa Jumatatu tarehe 19. Tuliyatazama Hyde Park katika kioo kikubwa pamoja na maelfu ya watu. Wanamaji 142 walilivuta gari la mzinga lililobeba jeneza. Lakini jambo lililonishika zaidi lilitokea Windsor, kabla jeneza halijateremshwa: taji, tufe na fimbo ya kifalme viliondolewa juu yake, vikawekwa altareni. Kisha mkuu wa nyumba ya kifalme akaivunja fimbo yake ya kazi, akaiweka juu ya jeneza. Malkia akateremka bila taji.

Niliporudi nyumbani, nyanya alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za taji. Aliuliza waombolezaji walipewa chakula gani. Nikamwambia kwamba kila mtu alijibebea mkate wake.

“Maskini, mama yule,” akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.