Orbitron kwenye ubavu wa boti

Nilikuwa nyumbani Mfangano kwa wiki mbili, na huko fonti moja ya bure ilinitoa jasho kuliko hitilafu yoyote ya programu niliyowahi kuisaka.

Mjomba wangu ana boti ya abiria inayokwenda Mbita na kurudi. Alikuwa ameipaka rangi upya. Akaniambia, "Wewe mtu wa kompyuta, nichoree jina lionekane la kisasa." Jina lenyewe ni Ng'wono, yaani rehema kwa Kidholuo, na chini yake namba ya boti.

Nikachukua Orbitron. Kwa wasioijua, ilichorwa na Matt McInerney na kutolewa na The League of Moveable Type, na leo unaipakua bure Google Fonts. Leseni yake ni SIL Open Font License: itumie hata kwenye kazi ya kulipwa, iweke ndani ya programu yako, irekebishe ukitaka, ila usiiuze peke yake. Nani kati yetu hajawahi kupakua fonti ya "bure", kisha akagundua ni bure kwa matumizi ya nyumbani tu?

Herufi zake ni pana, za mraba, kona zimeviringwa, kama maandishi ya chombo cha angani kwenye sinema. (Hiyo "kesho" yenyewe ni ya zamani. Microgramma ya Alessandro Butti na Aldo Novarese, yenye sura ya jamaa hiyohiyo, ilitoka 1952, na Eurostile ikafuata 1962. Mjomba hakuwa amezaliwa.)

Nilimtengenezea pia ukurasa mdogo wa saa za safari. Mtandao wa kisiwani huyumba, kwa hiyo nilipunguza faili la fonti kwa pyftsubset, nikabakiza A hadi Z na tarakimu. Kwenye simu jina likatoka na alama ya ng' nyembamba, imeinama, kama imeazimwa kwa jirani. Ndivyo ilivyokuwa hasa: nilisahau kuibakiza, na kivinjari kikaichukua kwenye fonti nyingine. Ukikata fonti kwa ajili ya Kiswahili au Kidholuo, ongeza U+0027 na U+2019.

Hilo lilikuwa dogo. Lililonikosesha usingizi ni namba.

Fundi wa rangi, mzee anayeandika majina ya boti pale ufuoni tangu nikiwa mtoto, aliitazama karatasi yangu. "Kijana, hii ni nane?" Nikamwambia, "Hapana mzee, ni sufuri." Akanyamaza, akapaka kama nilivyochora.

Siku ya nne upepo ulichafuka jioni. Karani wa ufuo huandika boti zinazotoka, kisha huweka alama kila moja inaporudi, akizisoma kwa mbali zikiwa bado majini. Boti ya mjomba ilirudi mapema. Karani, kwenye mvua, akasoma sufuri yetu kuwa nane. Namba yenye nane ni ya boti ya jirani, iliyokuwa imekwenda kuvua. Basi daftarini jirani amerudi, na sisi ndio hatujaonekana. Mjomba amesimama pale pale anakunywa chai, kwa hiyo kila mtu akaona ni kosa la kalamu tu.

Ni mke wa jirani aliyekuja saa tatu usiku kuuliza mumewe yuko wapi. Zaidi ya saa mbili zilikuwa zimepita bila mtu kutoka kumtafuta. Walimkuta karibu na usiku wa manane, injini imekufa, boti imesukumwa kwenye matete, yeye na vijana wake wawili wanatetemeka kwa baridi. Wazima. Mama yule hakunilaumu, hakujua hata kuwa nahusika. Mimi nilijua.

Nililala nikizitazama zile tarakimu kwenye kompyuta. Katika Orbitron, 0, 6, 8 na 9 ni kisanduku kilekile, tofauti ni kijistari au pengo dogo. Kwenye skrini unaliona. Kutoka ufuoni, kwenye mvua, pengo linajifunga. Jina halina shida hiyo: ukikosa herufi moja ya Ng'wono, bado unaijua boti. Namba haikisiwi. Ukikosea tarakimu moja unapata namba ya mtu mwingine, iliyo sahihi kabisa.

Asubuhi nilimwendea fundi. Tukaipiga namba msasa, akaiandika upya kwa brashi, sufuri mviringo, nene, nami nimeshika kopo. Jina lilibaki, mjomba hataki liguswe. Kwenye ukurasa pia nimeondoa Orbitron kwenye saa za safari na namba ya simu.

Tulipomaliza mzee aliuliza ile fonti niliinunua pesa ngapi. Nikamwambia ni ya bure. "Haya," akasema, "mimi sio wa bure," akataja bei ya kupaka mara mbili.