Tunalia Isukuti Haina Warithi, na Warithi Tumewaacha Nyuma ya Jikoni

Wale mnaonifuata toka zamani mnakumbuka ile video ya msichana akipiga isukuti kwenye matanga. Ilienda mbali kuliko kitu chochote nilichowahi kupandisha. Nimeifuta. Wengine wenu mmeniuliza kwa nini, wengine mkadhani nimeibiwa akaunti. Hapana, niliifuta mwenyewe. Leo nawaeleza, ila mnivumilie, kwa sababu hadithi inaanzia Malinya, inapitia UNESCO, halafu inarudi Malinya.

Yule msichana ni mtoto wa senje. Kwetu mtoto wa senje ni dada yako, mambo ya binamu ni ya vitabuni. Ana miaka 11 na hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo. Anasoma shule ya bweni ya viziwi, kwa hivyo nyumbani tunamwona Aprili, Agosti na Desemba. Kule shuleni anaongea kwa mikono mpaka mikono inachoka. Akifika nyumbani, lugha inaishia langoni. Kukhu anajua ishara ya kula, ya njoo, ya lala, na moja ya kumtisha na mwiko. Sisi wengine tulikuwa hata hatujafika hapo.

Desemba tulimzika kuka. Mnajua matanga ya mzee kwetu Idakho, bila isukuti ni kama hujamzika. Ngoma zikaja zote tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Kwa wasiozijua, hizi ni ngoma za gogo lililochimbwa, zimewambwa ngozi upande mmoja, ngozi ya kenge kama ni za zamani, na mpigaji anazining'iniza begani kwa mkanda. Zikianza hauulizi kama zimeanza. Zinaingia kifuani.

Dada yangu alipenya katikati ya miguu ya watu akaenda kuweka kiganja ubavuni mwa ile ngoma kubwa. Nikajua sasa atafukuzwa. Yule mzee mpigaji hakumfukuza. Walipopumzika aliketi kwenye benchi, akampakatisha ngoma ndogo, akaanza kumgongea mapigo mgongoni kwa vidole. Akigonga, mtoto anajibu kwenye ngozi. Akibadilisha, mtoto anabadilisha. Wamama wakaacha kuosha sufuria wakaja kuangalia.

Mimi nikatoa simu, si ndiyo kazi yangu?

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilivuta picha karibu mpaka ikabaki sura yake tu, kwa sababu alikuwa ametoa machozi kidogo, sijui ni furaha au ni moshi wa jikoni. Nikapunguza mwendo wa video. Halafu nikaondoa sauti ya ngoma, narudia, nikaondoa sauti ya ngoma, nikaweka kinanda cha huzuni. Juu nikaandika kwamba hasikii lakini Mungu amempa kipaji. Mkalia nyinyi, nikapata wafuasi mimi.

Aprili akarudi likizo. Nikampa simu nikiwa na kifua mbele. Akaitazama mara ya kwanza, akaitazama mara ya pili, akairudisha nyuma kwa kidole, kisha akaniangalia na kuuliza kwa ishara, na hii niliielewa bila mkalimani: mikono iko wapi? Alikuwa amesahau mkono wa kushoto wa mzee ulivyokuwa unazima sauti katikati ya mapigo. Shule nzima ya muhula wa kwanza alikuwa anajaribu kuikumbuka kwenye dawati. Alitaka kujifunza, na mimi nilikuwa nimerekodi machozi.

Hiyo ndiyo sababu ya kuifuta. Lakini swali lake halikuniacha, ndio maana naandika.

Mwaka wa 2014 UNESCO iliweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Hiyo si orodha ya kujivunia, ingawa sisi tuliipokea kama kombe. Sababu zilizotajwa ni zile tunazozijua: wanaoijua wengi wamezeeka, hawana wa kuwarithi, pesa na vifaa havitoshi, na watu siku hizi wanapenda burudani nyingine. Kila mwanasiasa akisimama kwenye uwanja wa Malinya lazima agusie hapo. Vijana wamepotea kwenye simu, utamaduni unakufa, na kadhalika. Halafu anapewa ngoma aipige vibaya apigwe picha.

Sasa nijiulize, isukuti mtu anajifunza wapi? Sijawahi kuona darasa lake hapa kwetu. Unajifunza kwa kufuata. Fahali anatolewa nyumbani alfajiri kwenda kupigana, unafuata nyuma ya ngoma na pembe. Kuna harusi ng'ambo ya mto, unafuata. Kuna matanga, unafuata usiku mpaka mamako anakutafuta na fimbo. Ukifika miaka kumi na kitu mkono tayari unajua, hata hukumbuki ulifundishwa na nani. Shule ya isukuti ni shule ya miguu.

Haya, mtoto asiyetembea atafuata fahali vipi? Mtoto asiyeona anaambiwa abaki nyumbani, fahali wakichomoka atakimbilia wapi? Kiziwi yuko bweni miezi tisa. Yule mwenye mtindio wa ubongo anafungwa leso kwenye kiti nyuma ya jikoni, mlango unarudishwa, kwa sababu wageni wanakuja. Sidhani kuna mzee yeyote aliyewahi kukaa kikao akasema hawa wasifundishwe. Ni njia yenyewe ya kujifunzia inayowaacha, na hatukuwahi kuwatengenezea nyingine. Ndio maana watoto hawa wanahitaji darasa linalokaa mahali pamoja. Wenzao wanaweza kuokota utamaduni barabarani. Wao lazima mtu awaletee.

Kwa hivyo tangu Aprili tuna kitu fulani Jumamosi. Kuita mradi ni kukikuza, kwa sababu hakina jina wala mhuri. Ni yule mzee wa ngoma, mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha watoto wenye mahitaji maalumu, mimi, na watoto saba chini ya mparachichi nyuma ya nyumba ya mwalimu. Siku ya kwanza walikuja watatu. Mama mmoja alimbeba mtoto wa miaka tisa mgongoni kwa sababu boda aliogopa kumbeba, eti akianguka watasema ni yeye.

Nilidhani kufundisha kutakuwa ndiyo shida. Wapi. Mzee alilaza ngoma kubwa chini ubavu, yule wa kwenye kiti akavuliwa viatu akawekewa nyayo kwenye gogo. Njuga tulimfunga kwenye kifundo cha mkono unaotikisika wenyewe, na mzee akasema tusimzuie, tumpe wimbo unaoendana na mtikisiko wake. Ilichukua Jumamosi mbili kuupata. Mvulana asiyeona ndiye mwimbishaji, na ana madharau kweli, ukikosea kiitikio anasimamisha kila mtu. Dada yangu anakaa akiegemea ngoma ya kati na kupiga ndogo. Mwalimu anatufundisha ishara tano kila wiki, na sasa Kukhu anakuja kusikiliza, anajifanya ameleta chai.

Wale mnaosema kiziwi na muziki wapi na wapi, mtafuteni Evelyn Glennie wa Scotland. Usikivu wake uliharibika akiwa mtoto, anapiga ngoma bila viatu apate mtetemo, na mwaka 2012 alipiga kwenye ufunguzi wa Olimpiki kule London. Lakini sitaki kumtumia sana, maana tukianza hivyo kila mtoto ataambiwa lazima awe bingwa wa dunia ndipo apewe ngoma. Yule mtoto wetu mwingine hana kipaji kabisa, jamani. Anapiga kama anafukuza kuku. Naye anakuja, kama vile sisi wengine tusio na vipaji tulivyoachwa tufuate ngoma bila mtu kutufanyia mtihani.

Shida ni nyingine. Shida ni nauli. Ni mvua, maana paa letu ni mparachichi. Ni wapigaji wa ngoma kuwa watu wanaoishi kwa kualikwa. Jumamosi ndiyo siku ya matanga, na mzee akija kwetu anaacha pesa kule. Tunachanga tunampa kidogo, na yeye huwa anairudisha nusu kwa mama wa mtoto. Hilo haliwezi kudumu, na mtu mzima asilipwe kwa kusifiwa.

Halafu kuna wageni. Mwezi wa sita kuna shirika lilikuja, sitalitaja. Tisheti, bango, soda, mkate. Watoto wakapangwa juani saa sita wacheze, wakapigwa picha, mmoja akajikojolea kwa hofu na hiyo pia ikapigwa picha. Saa tisa gari likaondoka. Waliacha bango. Ningekuwa na haki ya kuwatukana kama nisingekuwa nimefanya vilevile mwezi wa kumi na mbili nikiwa na simu moja tu.

Serikali nayo? Tuseme ukweli wote. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwepo tangu 1927, lina vitengo vya watoto wenye mahitaji maalumu, na nimeona shule zikijiandaa vizuri sana. Lakini hiyo ni ya mtoto aliye shuleni, na ikiisha ngoma zinafungiwa stoo mpaka mwaka ujao. Aliye nyuma ya jikoni hana tamasha. Na angalieni katiba ilivyogawa kazi: shughuli za utamaduni ni za kaunti, elimu ya msingi na shule maalumu ni za serikali kuu. Mtoto wetu anahitaji zote mbili siku moja, chini ya mti mmoja. Nilienda ofisi moja nikaambiwa hii ni elimu. Nikaenda nyingine nikaambiwa huu ni utamaduni.

Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 30 kinasema wapewe nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa, na kinaongeza kwamba si kwa faida yao peke yao, bali ili jamii nayo itajirike. Naipenda hiyo sehemu ya pili. Sisi tunaongea kana kwamba tunawasaidia. Mwenye shida ya warithi ni nani kati yetu na wao?

Kuna jambo moja sijui nilisemeje bila kuvunja heshima. Mzee mmoja wa ukoo aliniita pembeni akaniuliza, msichana na ngoma wapi na wapi? Ngoma kwetu zimekuwa za wanaume. Sikumjibu, ni babangu mkubwa. Mzee wa ngoma ndiye aliyemjibu, na hakuleta hotuba. Alisema, "Nina wavulana wanne, wako Nairobi. Unataka nimpe nani?" Babangu mkubwa hakukubali. Alinyamaza tu, akaomba chai.

Video bado narekodi. Sasa narekodi mikono, kutoka juu, bila kukata, na sauti ya ngoma inabaki. Hazipati watazamaji. Dada yangu alirudi nazo shuleni kwenye kadi, mwalimu wake anamwekea kwenye kompyuta.

Jumamosi hii hatukutani. Kuna matanga karibu na soko na ngoma zote tatu zimealikwa. Shule zimefungwa, dada yangu yuko nyumbani, na ameshatuambia kwamba anaenda huko. Mzee amesema atambebea ile ndogo. Babangu mkubwa ndiye msimamizi wa shughuli, kwa hivyo tutaona.