Daftari Lililonyamaza

Tangu nikiwa shule ya msingi nimekuwa nikiitaja pamoja na wenzangu methali isemayo, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nilidhani ni methali ya wenye maduka. Lakini nilipokuwa Kidato cha Tatu, mwaka 2024, nilitambua kuwa mtu aweza kuwa na daftari, tena lililojaa maandishi, na habari zikapotea vile vile. Yafaa niwasimulieni jinsi jambo hilo lilivyotokea, maana kosa lilikuwa langu.

Shuleni kwetu tuna chama cha kompyuta, nasi hukutana kila Jumamosi baada ya usafi. Mwaka ule mwalimu wetu wa fizikia, ambaye ndiye mlezi wa chama, alitupa kazi ya kutengeneza programu ya kuazimisha vitabu vya maktaba. Tulitumia lugha ya Go, ambayo ilianzwa na Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson katika kampuni ya Google mwaka 2007, ikatangazwa kwa watu wote mwaka 2009. Ni programu huria, yaani kila mtu aweza kuisoma, kuitumia na kuirekebisha bila kulipa hata senti moja. Kwa shule kama yetu hilo si jambo dogo.

Mimi nilipewa sehemu ya kumbukumbu. Programu nzuri huandika pembeni mambo inayoyatenda, mstari baada ya mstari, ili siku ya matatizo mtu aweze kurudi nyuma na kuona yaliyotokea. Mwenzangu mmoja alinishauri niandike namba ya kitabu na namba ya mwanafunzi katika kila mstari. Nilimcheka. Nilimwambia kuwa orodha ya maktaba ina hayo yote, ya nini kuyarudia? Basi nikaandika maneno mawili tu, "Kitabu kimerudishwa," pamoja na saa.

Jumatano moja jioni umeme ulikatika ghafla. Uliporudi tulikuta orodha imeharibika, ikatubidi kutumia nakala ya Jumatatu. Wiki iliyofuata majina ya wadaiwa yalibandikwa ubaoni. Jina la rafiki yangu, ambaye hulala kitanda cha chini nami hulala cha juu yake, lilikuwemo. Alidaiwa kitabu cha fizikia, au shilingi 20,000.

Rafiki yangu alisema mbele ya watu kuwa kitabu alikirudisha siku ya Jumanne. Nami, kwa kuwa niliona programu yangu inatiliwa shaka, nikasema kwa sauti, "Kompyuta haisemi uongo, bwana." Wenzetu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mama yake huuza mihogo ya kuchemsha stendi ya mabasi. Siku ya Ijumaa alituma fedha zote kwa simu.

Usiku ule nilikwenda chumba cha kompyuta nikafungua kumbukumbu za Jumanne. Nilikuta mistari 41, na kila mmoja ulisema, "Kitabu kimerudishwa." Kitabu gani? Na nani? Sikuweza kujua hata mmoja. Huenda mstari wa rafiki yangu ulikuwa pale mbele ya macho yangu, lakini haukuwa na jina.

Ningepaswa kusema saa ile ile. Sikusema. Uchaguzi wa viranja ulikuwa karibu, nami nilikuwa nikitajwa. Nikakaa kimya Jumamosi, nikakaa kimya Jumapili. Usiku wa Jumapili, taa zilipokwisha kuzimwa, nilisikia sauti ya rafiki yangu kutoka chini: "Lakini wewe mwenyewe unaniamini?" Nilijifanya nimelala.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu wa maktaba nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Kompyuta yako haikusema uongo. Haikusema kitu. Uongo uliusema wewe, ulipodai kuwa imesema."

Akaamuru vitabu vyote vihesabiwe. Siku ya pili kitabu kile kilionekana katikati ya vitabu vya kemia. Fedha zikarudishwa, nami nikaomba radhi mstarini mbele ya shule nzima. Mwalimu alinipa simu yake ili nimwombe radhi na mama pia. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nilipokwisha kumweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pesa hutafutwa, mwanangu. Lakini nilimwambia mtoto wangu maneno makali, na hayo siwezi kuyarudisha kama ninyi mlivyorudisha pesa." Maneno hayo sijayasahau hata leo.

Baada ya hayo mlezi wetu alituletea katika flashi toleo la Go namba 1.21, lililotolewa tarehe 8 Agosti 2023. Ndani yake mlikuwa na maktaba mpya iitwayo slog. Maktaba hii si ya vitabu. Ni kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, ambazo mwandishi wa programu huziazima asianze upya. Zamani Go yenyewe ilikuwa na njia ya kuandika mistari ya maneno matupu tu, na waliotaka zaidi waliazima kwa wengine, kama zap iliyotoka kwa kampuni ya Uber. Slog huandika kila habari kwa jozi, jina na thamani yake, mathalani: tendo=kurudisha kitabu=FIZ-031 mwanafunzi=412. Hivyo kompyuta yaweza kuulizwa, "Nionyeshe yote ya mwanafunzi 412," ikajibu mara moja. Tena habari zina madaraja manne: uchunguzi, taarifa, onyo na kosa. Namba zake ni -4, 0, 4 na 8. Nafasi zimeachwa katikati ili mwenye haja aingize daraja lake mwenyewe.

Tulipata kikwazo. Kompyuta zetu zilikuwa na Windows 7, na toleo hilo lahitaji walau Windows 10. Mlezi aliomba ruhusa, tukaweka Linux katika kompyuta ya maktaba, nayo pia ni huria. Msimbo wetu wa zamani ulifanya kazi bila kubadilishwa, maana tangu toleo la kwanza la mwaka 2012 watengenezaji wa Go wameahidi kwamba programu za zamani hazitavunjwa na matoleo mapya. Nilibadili mistari yangu tu. Mahali pamoja, kwa haraka, niliweka thamani nikasahau jina lake. Slog ikaandika !BADKEY, yaani ufunguo mbaya. Nilifurahi kuliona kosa lile. Afadhali daftari linalokukemea kuliko lile linalonyamaza pamoja nawe.

Lakini ndugu zangu, msidhani kuwa maktaba mpya ndiyo iliyoniponya. Kama nisingeipa namba ya mwanafunzi, slog ingeandika mstari ule ule bubu, ila kwa mpango mzuri zaidi. Chombo hakijui lililo muhimu, mwenye kuandika ndiye apaswaye kujiuliza, "Kesho mtu akisingiziwa, mstari huu utamsaidia?"

Muhula wa pili umeme ulikatika tena, na orodha ikaharibika tena. Safari hii tulisoma kumbukumbu tukaijenga orodha upya kabla ya kengele ya masomo ya usiku. Hakuna aliyebandikwa ubaoni. Aliyeketi kwenye kompyuta akizisoma jozi moja moja alikuwa rafiki yangu yule yule, kwani alikwisha kujiunga na chama. Yeye ndiye hukagua mistari yangu yote, na akiona ulio mfupi mno huniuliza, "Nani? Kitabu gani?" Nami huandika upya bila ubishi.

Ukiranja sikuupata, wala sikuulalamikia. Novemba tutafanya mtihani wetu wa mwisho na kuwaachia programu hii wadogo zetu wa Kidato cha Pili. Nawaombeni jambo moja. Msiseme kamwe kuwa kompyuta haisemi uongo, mpaka kwanza mmesoma ninyi wenyewe ilichosema.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Nne