Pangaboi, Seredani na Tukuza

Bibi yangu alihamia Michenzani akitoka nyumba ya udongo na makuti huko huko Ng'ambo, mjini Unguja, pale majumba yale marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yalipoanza kugaiwa watu. Kwa koroboi alikuwa na hesabu yake: akitazama mafuta yaliyobaki, anajua usiku utafika wapi. Umeme wa swichi haukumwonyesha kitu. Bili ilikuja baadaye, akaisoma baba, akaguna, ikakunjwa na kutiwa mtotoni mwa kabati. Sisi watoto tuliacha pangaboi likizunguka chumba kitupu na hakuna aliyetugombeza.

Na pangaboi, kwa haki yake, halikuwa anasa. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa na dari za juu. Makuti nayo hayashiki joto. Saruji ya ghorofa hunywa jua mchana kutwa, kisha ukishapanga mito ulale ndipo inapolitapika. Anayehubiri kubana umeme bila kulitaja hilo hajalala fleti ya juu wakati wa kaskazi.

Umeme wa Unguja unatoka bara. Tangu mwaka 1980 ulikuwa ukipita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 2008 ukakatika karibu mwezi mzima. Tukadhani tumeona. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010.

Miezi ile mitatu ndiyo iliyoibadilisha nyumba yetu. Mashine za kusukuma maji hazikwenda bila ya umeme, kwa hiyo maji yalipanda ngazi kichwani, ndoo kwa ndoo, na mtu aliyebeba ndoo hadi juu haogi kwa fujo. Seredani ikarudi, ikakaa karibu na dirisha, na moshi wa makaa ukapanda kwenye nguo zilizoanikwa za jirani wa juu. Friza la mama likawa kabati la vyombo. Samaki alinunuliwa Darajani wa chungu cha siku ile, basi. Chini, jenereta za wenye maduka zilinguruma mpaka usiku, na vijana wakiteremka na chaja zao kuomba tundu.

Umeme uliporudi, mama aliliuza friza lile. Hakutoa hotuba; alisema tu kwamba samaki wa siku ile ile ni mtamu zaidi.

Mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wa megawati 100, kwa fedha za Marekani. Umeme ukawa mwingi, lakini kwetu matumizi hayakurudi kama zamani, maana ilikuja mita ya Tukuza: unanunua umeme kwanza, halafu namba kwenye mita zinashuka mbele ya macho yako. Bibi, mzee kwa wakati huo, akaipenda kuliko sote.

"Huyu sasa namwona anavyokwenda," alisema.

Kwa mita ile tukagundua kwamba kelele za "zima taa!" zilikuwa zikimfukuza mwizi asiyekuwa yeye. Globu ya LED ya wati 9 huwaka zaidi ya saa 100 ndipo imalize yuniti moja. Pasi ya wati 1,000, ikiwa na moto saa nzima, huila yuniti hiyo hiyo. Birika na hita ya maji ni ndugu zake. Basi kanzu na sare za skuli zikaanza kupigwa pasi kwa pamoja, mara moja kwa wiki, na baba akabadilisha mpira wa mlango wa friji uliokuwa umelegea kwa miaka.

Wewe unayehamia fleti leo, Michenzani au hizi mpya za Fumba, usianze na globu. Tazama kwanza dirisha linapata upepo gani, kamata mpira wa friji uone kama unabana, na pasi uiwashe ukiwa na nguo za wiki nzima mkononi.